Mtaa Unatulia Lini? Maisha ya Pembezoni mwa Jiji la Dodoma

Dodoma ina mitaa ambayo ukipita saa nane mchana husikii kitu isipokuwa upepo na mbwa wa jirani. Barabara imenyooka, kuta ni ndefu, mageti yamefungwa na kila kiwanja kina namba yake. Dalali atakwambia hapo pametulia, na kodi atakayokutajia itafuata sifa hiyo. Kisha kuna Chang'ombe, ambako vichochoro vinapinda vinavyotaka, redio zinashindana, watoto wanacheza hadi giza linaingia, wala huwasikii madalali wakipasifia utulivu. Ila mtu akizidiwa usiku Chang'ombe, mlango wa kugonga unajulikana. Kule kwenye kuta ndefu, wengi hawajui jirani wa mkono wa kushoto ni baba nani.

Kuchanganya ukimya na utulivu kunawagharimu watu. Familia inahamia Dodoma kikazi, inachagua nyumba kwa kutazama barabara na ukuta, na baada ya miezi sita wanajiona bado wageni. Mwingine ananunua kiwanja Nzuguni au Mkonze akiamini kwamba kikishapimwa, mtaa umeshapatikana. Kupima ardhi ni kazi ya wapimaji, ina mwanzo na mwisho. Mtaa kukaliwa mpaka ukatulia ni kazi nyingine kabisa, na hapa Dodoma kazi hiyo imefungamana na historia ya makao makuu kiasi kwamba haieleweki vizuri mpaka turudi nyuma kidogo.

Mji uliochorwa kabla ya wakazi wake

Mwaka 1973 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na kazi ilitarajiwa kuchukua miaka kumi. Mwaka huohuo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe wa kwanza, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Kinachonivutia katika mpango ule ni mahali ulipoanzia. Waliouchora walianza na makazi: jumuiya zinazojitosheleza, kila moja na shule, soko na zahanati yake karibu, watu waende kwa miguu au kwa basi, na kati ya jumuiya na jumuiya yaachwe maeneo ya wazi. Ngazi ya chini kabisa ya mpango ilikuwa nyumba kumi, kwa kufuata mfumo wa mabalozi wa chama. Mji mkuu mzima ulipangwa kuanzia ujirani kwenda juu.

Watu ndio hawakuja. Miaka kumi ikapita, ikapita na mingine. Bunge lilihamia mwaka 1996, lakini wizara zilibaki Dar es Salaam, na mtumishi aliyeletwa Dodoma mara nyingi alijihesabu yuko safarini. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007, wanafunzi walijaza vyumba vya kupanga, nao hukaa muda wa masomo tu. Ndipo Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na kweli ikahamia. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Septemba mwaka huo, sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka 2018, na Mji wa Serikali ukaanza kuinuka Mtumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Zaidi ya watu laki tatu na nusu wameongezeka ndani ya miaka kumi, na katikati ya mji hapakuwa na nafasi ya kuwalaza wote.

Ndiyo maana leo pembezoni mwa jiji kuna mitaa ya aina mbili. Kuna ile ya zamani, kama Area A, Area C au Kikuyu, ambayo wakazi wake walizeeka wakiisubiri serikali. Huko miarobaini imekuwa mikubwa, mtoto aliyezaliwa mtaani ana watoto wake palepale, na ukimuulizia mtu kwa jina utaelekezwa hadi mlangoni. Kisha kuna ile iliyofumuka kwa haraka: Ilazo, Njedengwa, Iyumbu, sehemu kubwa ya Nzuguni na Mkonze. Huko ukimuulizia mtu kwa jina utaambiwa utaje rangi ya geti.

Jambo moja lililochelewesha watu kukita mizizi ni ardhi yenyewe. Chini ya CDA, mamlaka ndiyo iliyoshika haki ya ardhi ya mji, na mwananchi alikodishwa kwa miaka 33. Miaka 33 inaonekana mingi ukiwa na umri wa miaka 25. Ukianza kujenga ukiwa na 45, na ujenzi wenyewe ukala miaka kumi, unajua kabisa kwamba muda wa karatasi utawakuta wanao ndani ya nyumba. Mei 2017 CDA ilivunjwa, majukumu yake yakaenda Halmashauri ya Manispaa ya Dodoma, ambayo Aprili 26, 2018 ilipandishwa kuwa Jiji, na hati zikawa za miaka 99 kama kwingineko nchini. Kwa maoni yangu, badiliko hili limesaidia mitaa kutulia kuliko lami yoyote iliyomwagwa. Mtu mwenye hati ya miaka 99 anapanda mti ambao kivuli chake kitamfaa mjukuu.

Lakini CDA nayo ina haki yake. Dodoma ina barabara za mitaa zinazopitisha gari la zimamoto, na maeneo ya wazi ambayo mitaa mingi ya Dar es Salaam haikubahatika kuwa nayo. Hilo ni tunda la kupanga. Gharama yake ilibebwa na watu fulani, na hao tusiwaruke.

Kabla Ipagala, Makulu au Nzuguni hazijakatwa viwanja, yalikuwa mashamba ya uwele na mtama ya Wagogo. Wengine walilipwa fidia, wengine wakabishania fidia kwa miaka, wengine wakapewa viwanja ndani ya mashamba yao wenyewe kisha wakaviuza na kusogea mbali zaidi. Waliobaki utawaona hadi leo katikati ya majumba makubwa: nyumba ndogo, zizi nyuma, na asubuhi ng'ombe wanakatiza barabara wakati magari ya watumishi yanaelekea Mtumba. Mgeni akiwatazama hudhani wao ndio hawajazoea mji. Ukweli ni kwamba wao ndio wakazi pekee waliokwisha kutulia hapo, na wanayajua mambo ambayo ramani ya kiwanja haisemi. Mfano ni korongo. Dodoma hupata mvua kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mwezi wa saba korongo ni mchanga mkavu na kiwanja kilicho kando yake kinavutia kwa bei. Mwezi wa kwanza ni mto. Mzee wa jirani angekwambia hilo bila kukudai shilingi, kama ungesimama kumwamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, na kumuuliza.

Maboma, mafundi na zamu ya maji

Mtaa mpya wa Dodoma huanza na mafundi. Kwanza msingi, kisha boma linasimama miaka miwili au mitatu bila bati, mwenyewe akikusanya fedha za kupaua. Kijana analala humo kulinda saruji na nondo. Mama ntilie anafuata mafundi na sufuria zake, anaweka benchi chini ya mgunga. Duka la kwanza la mtaa, lile tutakaloliita kwa Mangi hata kama mwenyewe anatoka Iramba, huanza kwa kuuza soda na sigara kwa watu wa saiti. Wakazi wa kwanza huhamia nyumba haijaisha, ili waikwepe kodi ya pango: madirisha mawili yana vioo, mengine yamezibwa kwa bati au turubai, tofali zilizobaki zimepangwa kando ya ukuta, na rundo la mchanga mbele ya geti limegeuka uwanja wa watoto wa nyumba tatu.

Naomba msomaji alitazame rundo hilo kwa makini. Wazazi wengi wa mitaa mipya walianza kusalimiana pale, kwa sababu mtoto alichelewa kurudi nyumbani akafuatwa. Nyumba ikikamilika, mchanga unaondolewa, ukuta unapandishwa, geti linafungwa, na mara nyingi salamu nazo zinapungua. Nyumba zote zinapokwisha, mtaa unaweza kurudi nyuma kwa ujirani hata kama unasonga mbele kwa sura.

Kinachowarudisha watu getini ni maji. Kwa miaka mingi Dodoma imetegemea visima vya Mzakwe, kule Makutupora, na watu wameongezeka kwa kasi ambayo visima peke yake haviwezi kuifuata, hata baada ya kuchimbwa vingine Nzuguni. Kwa hiyo DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, husambaza kwa mgawo, na kila mtaa unaijua siku yake. Usiku wa zamu una sauti yake: bomba linakohoa hewa, kisha maji yanaanza kugonga kitako cha tanki lililokuwa tupu. Simu zinaita. "Kwako yametoka?" Aliye juu kidogo mlimani presha haimfikii, basi jirani wa chini anarusha mpira juu ya ukuta na tanki linajazwa kwa mtaji wa ujirani, bili watapatana. Mwenye kisima chake naye hujulikana haraka, hata kama maji yake ni ya chumvi, kwa sababu ya kufulia na kumwagilia hayahitaji utamu. Mtaa ambao watu wamewahi kupitishiana mpira wa maji umeshavuka hatua ambayo hakuna mpima ardhi anayeweza kuivusha.

Jumatatu hadi Ijumaa

Kuna ugumu mwingine ambao ni wa Dodoma hasa. Watumishi wengi walihamishwa, familia zikabaki Dar es Salaam, Morogoro au kwingineko: mke ana kazi yake kule, watoto wako katikati ya shule, nyumba ya kule bado ina mkopo. Mtu anapanga vyumba viwili Kisasa au Area D, analala siku nne au tano, Ijumaa anaondoka. Tarehe 25 Julai 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima ikawa ya saa chache. Ni baraka kubwa, nami naishukuru. Ila kwa mitaa yetu ina upande wa pili: sasa mtu anaweza kufanya kazi Dodoma kwa miaka bila kuhamia. Jumamosi, siku ambayo Wanadodoma wengine wanaelekea mnadani Msalato kununua mbuzi na kula nyama, nusu ya madirisha ya baadhi ya mitaa hayana taa. Jumamosi ndiyo siku ya vikao vya kikoba, ya usafi, ya harusi. Asiyekuwepo Jumamosi hayupo.

Bunge nalo lina msimu wake. Kikao cha bajeti kuanzia Aprili hadi Juni huleta wageni, nyumba za wageni hujaa, na wenye nyumba wengine hupendelea mpangaji wa miezi mitatu anayelipa vizuri kuliko familia inayotaka kukaa. Si kosa la mtu mmoja, ni hesabu ya soko, lakini familia hiyo ikihamahama kila mwaka, watoto wake hubadilisha marafiki kila mwaka.

Hapo tumefika kwa wapangaji, na hapa pana mkanganyiko unaostahili kufumuliwa polepole. Mitaa yetu huwagawa watu kimyakimya: mwenye nyumba ndiye mkazi, mpangaji ni mpita njia. Mpangaji hulipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, juu yake anamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, na bado kwenye kikao akisimama kuongea huulizwa anakaa kwa nani. Sasa tazama LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo mkato unamwangukia yeye kila mwanzo wa mwezi, na kwenye nyumba ya vyumba sita vyenye mita moja unamwangukia yule aliyewahi kununua kwanza. Ana haki ya kurudishiwa au kukatiwa kwenye pango. Wachache hudai, kwa kuwa kiasi ni kidogo na ugomvi na mwenye nyumba ni mkubwa. Shilingi 18,000 kwa mwaka hazimfilisi mtu. Ila mtu anayeilipia nyumba kodi ya serikali halafu anaambiwa yeye si wa hapa, anapunjwa mara mbili.

Turubai la msiba na ofisi ya mtaa

Ukitaka kujua kama mtaa umetulia, usitazame kuta. Subiri msiba, Mungu apishe mbali. Katika mtaa uliotulia, habari ikitoka alfajiri, kufikia saa tatu turubai limeshafungwa barabarani na viti vimeshuka. Kina mama wamegawana kuni, mchele na zamu ya jikoni, kijana mmoja ameketi mezani na daftari la rambirambi, na mwenyekiti wa mtaa ameshafika. Hakuna aliyetumwa barua. Bodaboda wa kijiweni wanapita pole, gari linageuzia mbali. Kinyume chake nimekishuhudia kwenye nyumba nzuri sana: wafiwa wamekaa peke yao sebuleni wakisubiri ndugu watoke mikoani, na majirani wanaliona turubai kwa mbali wasijue waingie kama nani.

Kuna dalili nyingine ndani ya msiba huohuo, nayo ni mahali pa kuzika. Kwa muda mrefu mhamiaji akifia Dodoma, michango mikubwa ilikuwa ya usafiri: gari la kupeleka mwili Moshi, Bukoba, Mbeya au Songea. Wengi bado hufanya hivyo na desturi hiyo ina heshima yake. Lakini familia inayoamua kumzika mzee wao hapahapa, mazishi yakafanyika jioni na majirani wakarudi wakanawa mikono pamoja, imeshaacha kuwa safarini. Mitaa ya zamani ina makaburi ya watu wake. Mitaa mipya, kwa sehemu kubwa, bado.

Je, nani anauongoza mtaa? Hapa wageni huchanganya mambo. Balozi wa nyumba kumi, ambaye wengi humwita mjumbe, ni kiongozi wa chama tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, ingawa bado watu humpelekea ugomvi wa mpaka na wa ndoa. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano. Afisa mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Utahitaji muhuri wao kuliko unavyodhani: barua ya utambulisho kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, kwa mkopo, kwa kumdhamini ndugu aliyeko kituoni. Aliyekaa mwaka mzima bila kujitambulisha huikumbuka ofisi siku ya shida, naye mwenyekiti analazimika kumwandikia barua mtu asiyemjua kwamba anamjua.

Juu ya wote hao kuna mkutano wa mtaa wenyewe, wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hapo ndipo yanapozungumzwa mambo yanayouweka mtaa au kuubomoa: ulinzi shirikishi, taka, taa za barabarani, na hasa maeneo ya wazi. Hili la mwisho linanitia wasiwasi kuliko yote. Eneo lililoachwa kwenye ramani kwa ajili ya watoto huanza kuliwa na kibanda kimoja, kinafuata kingine, baadaye panazungushiwa mabati usiku. Mitaa ya zamani huwa na mzee anayekumbuka pale palitengwa kwa kazi gani. Mtaa mpya hauna mtu huyo, na njia iliyobaki ni wakazi kuomba kuiona ramani ya mipango miji ya eneo lao katika ofisi za Jiji, kisha kuizungumza mkutanoni mchana kweupe kabla tofali halijawekwa.

Katika mkutano huo na katika uchaguzi wa mwenyekiti, sheria haiulizi hati ya nyumba. Inauliza uraia, umri na ukazi. Mpangaji wa chumba kimoja ana kura ileile aliyonayo mwenye ghorofa, na mtumishi ambaye familia yake iko Dar es Salaam anaweza kuchagua kuandikishwa hapa anapoishi. Wengi hupitwa kwa jambo dogo: wanadhani kadi ya mpiga kura waliyonayo inatosha. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, inayoandikwa upya mtaani kwa siku chache tu. Kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024, uandikishaji ulifanyika Oktoba 11 hadi 20, na asiyejiandikisha hakupiga kura hata kama alikuwa na kadi mfukoni. Unaofuata ni 2029. Kufikia hapo maboma mengi ya leo ya Nzuguni, Iyumbu na Mkonze yatakuwa yamepauliwa na kuhamiwa, na mwenyekiti atakayesaini barua zao atakuwa amechaguliwa na wale waliokwenda kuandikwa.